Nyota tatu na nusu kwa huduma ya uzazi ya hela za wafadhili (Pemba)

Watu wanaandika mapitio ya simu, ya hoteli za Nungwi, ya mishkaki ya Forodhani, mie leo nakuja na kitu ambacho sijaona mtu amekipa nyota wala kukinyima: huduma ya mama na mtoto ya hapa kwetu Pemba, hii ambayo serikali ndo inaiendesha lakini vifaa vingi, mafunzo, chanjo na zile simu za wahudumu vinatoka kwenye hela za misaada ya nje. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Nitaeleza zimetoka wapi na hiyo moja na nusu imepotelea wapi.

Sababu ya kuandika ni kuwa kwenye msaada anayelipia chakula yuko Washington au Oslo au Tokyo, anayekula yuko Micheweni, na wanaokuja kuuliza kama kilikuwa kitamu wanamuuliza mpishi. Wakaguzi wa miradi wanakuja na gari zao nyeupe, wanakaa na daktari dhamana, wanafungua rejista, wanapiga picha mbele ya bango, jioni washarudi zao Unguja. Sijapata kuulizwa hata siku moja, jee bibie, na wewe pale kitandani uliona vipi? Na mie nimezaa watatu, wa kwanza kabla hayajaja mambo ya simu za volantia, wa mwisho ananyonya saivi huku naandika kwa mkono mmoja (mkiona herufi zimerukwa ndo sababu), kwahiyo nina cha kulinganisha.

Kizuri kuliko vyote ni volantia wa shehia. Wale wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba na simu mkononi, mpango wenyewe unaitwa Jamii ni Afya, wa Wizara ya Afya Zanzibar pamoja na shirika la D-tree, na tangu 2021 umeenea wilaya zote za Unguja na Pemba, wahudumu zaidi ya elfu mbili. Wetu siye ni binti wa jirani, alisoma skuli moja na mdogo wangu, ananiita dada, mama mkwe anamwamkia shikamoo bibi ndo anakaa kitako mkekani, hana haraka ya mtu wa ofisini. Anafungua simu, inamuongoza swali moja baada ya jengine kutokana na unavojibu: kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba, umetokwa na damu, mtoto anacheza tumboni? Utadhani maswali ya kupitisha muda lakini kichwa, macho na uvimbe ndo dalili za presha ya mimba, na presha ya mimba ikiachwa inaleta kifafa, na kifafa cha mimba kinaua. Kwa mimba yangu ya kwanza niliumwa kichwa mpaka nikawa sitaki mwanga, mabibi wakasema upepo, nikafukizwa udi na ubani chumba kizima. Alhamdulillahi haikuwa kitu. Lakini hakuna aliyeniuliza habari ya macho.

Halafu kuna ule mpango wa safari, hapa ndo nyota yangu ya kwanza ilipotoka. Simu inataka jina la dereva, bei ya usiku, hela ziko wapi, nani atafuatana na mzazi, nani atabaki na watoto. Mume wangu ni mtu wa "tutajua siku hiyo", mambo yake yote ni tutajua siku hiyo, hata harusi yetu ilikuwa hivohivo. Akajaribu kumtoa yule binti kwa jibu hilohilo, akaambiwa "Kaka samahani, simu hainiachii kwenda mbele mpaka nijaze dereva." Alicheka lakini alitaja dereva, akataja na bei, na kuanzia siku ile kila akiuza samaki anaweka kidogo kwenye kopo. Mie nimeolewa naye miaka na sijawahi kumpata hivo.

Hii fikra ya kupanga gari mapema ilianza na mpango wa kabla yake, Uzazi Salama, ambao dereva alikuwa analipwa kwa simu. Na ukirudi nyuma zaidi kuna kitu cha kujifunza. Mwaka 2009 Wadenmark na madaktari wa Zanzibar walifanya utafiti wa meseji za simu, vituo 24, wajawazito 2,550, nusu ya vituo mama anapata meseji za kumkumbusha kliniki na vocha ya kumpigia mkunga, nusu hawapati. Waliopata, 60 katika kila 100 walizaa mbele ya mkunga au daktari, wasiopata 47. Ni tofauti kubwa kwa kitu cha bei ya vocha. Lakini ukiangalia ndani, walionufaika hasa ni wa mjini, wa shamba meseji haikuwasogeza, na mtu yeyote wa Kojani au Makangale angewaambia kwanini bila ya utafiti: meseji haina magurudumu. Kwahiyo walivokuja wengine baadae wakaongeza dereva kwenye simu nasema hapa mtu alisikiliza, na msaada wa mtu anayesikiliza nauheshimu.

Kasoro zake zipo. Siku moja akaniuliza habari za uzazi wa mpango na mama mkwe yupo pembeni anachambua mchele, nikamtolea macho, masikini naye alikuwa anafata simu. Simu ingepewa swali la "jee uko peke yako na mama?" kabla ya hilo. Na posho yake ni ndogo, anatembea na mvua ya masika bila ya mabuti, simu ikizima chaji anaandika kwenye daftari halafu usiku anajaza upya nyumbani kwake. Neno volantia ni zuri lakini huyu ni mtu anayefanya kazi.

Sasa spitali. Kituo chenyewe sikitaji, wakunga wake nawapenda na wengine ni jamaa zetu, mkitaka kukijua mtakijua wenyewe.

Nilifika usiku na umeme ulikuwepo. Nalisema kwa makusudi. Wadogo zangu hawakumbuki lakini kabla ya 2010 Pemba ilikuwa inategemea majenereta ya dizeli, yakifa kisiwa kizima kiza, wakunga wanazalisha kwa karabai na tochi. Mwaka 2010 ikawashwa waya iliyopita chini ya bahari kutoka Tanga, hela nyingi za Norway. Kwenye makaratasi ya wafadhili ule mradi uko upande wa nishati, hakuna aliyeuandika afya ya uzazi, lakini ukiniuliza mie msaada gani umewafaa wazazi wa Pemba kuliko wote nitakwambia waya wa Tanga, na wa pili barabara. Sindano ya oksitosini, ile ya kuzuia damu baada ya kuzaa, inataka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 kama chanjo, ikipata joto nguvu zake zinapungua na kwa macho huwezi kujua. Unachomwa kumbe umechomwa maji tu. Na damu ndo inayoua wazazi wengi kuliko kitu chengine chochote, duniani na hapa kwetu.

Leba safi, vitanda vipya, kila kitu kina stika. Kitanda kina stika ya bendera, mizani ina stika ya bendera nyengine, kabati lina stika mbili kwa sababu mradi wa kwanza ulikwisha ukaingia wa pili juu yake. Nilikuwa nasoma stika baina ya uchungu na uchungu, inasaidia. Ikawa nimegeuza uso ukutani nikaona mashine ya kuwapa joto vichanga, kubwa, nzuri, imetandikwa kanga juu na kuwekwa makoba. Nikamuuliza mkunga vipi hii, akaniambia "Usinichekeshe mwanangu, sukuma." Baadae nilipopata akili akanieleza kuwa iliharibika kitu kidogo ndani yake, fundi aliyefundishwa kuitengeneza kahamishwa, kipuri kinaagizwa nje, na mradi ulioileta ulishafunga ofisi. Kwahiyo ipo kwenye ripoti ya mtu kama imeletwa, na kweli imeletwa.

Na jee vichanga wanafanyiwaje? Wanabandikwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wakafungwa na kanga. Ile waliyoianza madaktari wa Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa sababu mashine hazikuwatosha. Mwaka 2021 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa wa WHO wa nchi tano, Tanzania ikiwemo: vichanga wenye kilo moja mpaka moja na gramu mia nane, wakianza kubandikwa hapohapo baada ya kuzaliwa bila ya kusubiri hali itulie, vifo vinapungua kwa robo. Kanga ya mama na kifua cha mama. Inataka nafasi mama alazwe pamoja na mwanawe na nesi wa kuwaangalia, vitu viwili hivo havina pa kubandika stika ndo maana nahisi haviji.

Nyota ninayoikata nzima ni hii ya damu. Baada ya kuzaa mkunga anaangalia kanga imelowa kiasi gani, anakisia. Ni hodari wallahi, ana miaka mingi kazini, lakini anakisia, usiku, peke yake, na kuna mwengine anapiga kelele kitanda cha pili. Duniani kuna kitambaa cha plastiki chenye mfuko na mistari kama ya chupa ya mtoto, kinatandikwa chini ya mzazi, damu inaingia mfukoni, ikifika mstari wa mililita 500 mkunga hasubiri wala hajadiliani, anaanza mambo yote kwa pamoja: kusugua tumbo la uzazi, oksitosini, dawa ya kuzuia kuvuja, dripu, na kuangalia kama kumechanika pahala. Utafiti wake unaitwa E-MOTIVE, ulisimamiwa na Chuo Kikuu cha Birmingham, majibu yametoka 2023, wazazi zaidi ya laki mbili katika spitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapahapa Tanzania. Kuvuja damu nyingi na mambo yanayofatia vilipungua kwa asilimia 60. Sitini! Mie kitambaa hicho sikutandikiwa, na mdogo wangu aliyezaa baada yangu kituo chengine naye hakutandikiwa. Mashine yenye plagi ilipata njia ya kufika kwetu, plastiki yenye mistari bado. Wafadhili kama kuna anayesoma, hichi hakitaki umeme, hakitaki kipuri, hakitaki fundi, na ninyi ndo mlolipia utafiti wake.

Huko spitali ya Mnazi Mmoja Unguja nako kuna kisa kinachonifurahisha, nimehadithiwa na binamu yangu nikaenda kukisoma. Mradi wenyewe uliitwa PartoMa, tena Wadenmark na madaktari na wakunga wa palepale, wakakaa pamoja wakatengeneza kijitabu cha mfukoni, kurasa chache, namna ya kumuangalia mzazi kutokana na hali halisi ya pale, mkunga mmoja wazazi wengi, wakaacha vitabu vya WHO huko Geneva vinavyodhani kila mzazi ana mkunga wake. Na semina fupi za mara kwa mara, bila ya posho. Watoto wanaozaliwa wameshafariki walikuwa 59 kwa kila 1,000, wakashuka kuwa 39. Bado ni wengi mno, lakini kwa kijitabu! Nikikumbuka warsha za hoteli nne nyota ambazo hujui zimezaa nini naona bora nisiseme.

Kuna jambo jengine ambalo watu wa Pemba tu watanielewa. Siye tumetolewa damu sana. Ukikulia Wawi au Chake lazima kuna utafiti uliopita kwenu, wa minyoo, wa kichocho, wa vidonge. Pale Wawi ipo maabara ya Ivo de Carneri, Wataliano walisaidia kuijenga, ilifunguliwa 2000. Watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wenzao wa hapa wakawapa watoto wetu wadogo dawa ya madini ya chuma na foliki asidi, wakitegemea itawaongezea damu na kuwalinda. Mwaka 2003 wakasimamisha upande ule wa chuma kwa sababu watoto waliokuwa wakipewa walikuwa wanalazwa na kufariki zaidi ya wasiopewa, malaria ilikuwa kali zama zile. Majibu yalichapishwa 2006 na WHO ikabadilisha ushauri wake: mahala penye malaria nyingi usigawe chuma kwa watoto wote bila ya kupima nani hana damu na bila ya kuwakinga na malaria. (Vidonge vya damu vya mjamzito ni jambo jengine kabisa, msiviache, nawajua nyie, mtasoma nusu halafu mtanitaja mie.)

Na dawa ya kitovu pia. Nepal na Bangladesh ile klorheksidini ya kupaka kitovu ilipunguza vifo vya vichanga, dunia ikataka kuigawa kila pahala. Wakaijaribu Pemba kwa vichanga 36,911, majibu ya 2016: tofauti ya vifo kati ya waliopakwa na walioachwa kitovu kikavu haikuonekana ya maana. Kwahiyo ushauri wa kitovu kikavu anaokupa volantia leo, watoto wa Chake na Wete wana sehemu yao humo. Sasa jiulizeni ni bibi gani wa Wete aliyerudishiwa majibu haya kwa lugha yake, akaambiwa mjukuu wako ametusaidia kujua jambo? Mie nimeyapata kwa kutafuta mwenyewe kwa Kiingereza changu cha fomu four. Nusu nyota naikata hapa, na ningeikata nzima kama si kuwa wale wafanyakazi wa utafiti waliokuwa wakipita majumbani walikuwa na adabu na kila wakimuona mtoto mgonjwa walimpeleka spitali.

Uswahibani mwangu watu wananiuliza unasifu misaada ya nini na yenyewe inakwisha. Kweli. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje, ilipofika 1 Julai USAID imeshafungwa kazi, na Uingereza nayo imesema itashusha fungu lake mpaka asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Marekani ndo iliyokuwa mbele kwenye malaria hapa Zanzibar tangu ule mpango wa Bush wa 2005, neti, dawa ya kupuliza majumbani, vipimo. Watu wa umri wangu tunakumbuka wodi ya watoto ilivokuwa ikijaa malaria baada ya mvua, mwanangu wa mwisho mpaka leo hajawahi kuugua. Duniani mwaka 2023 walikufa wanawake kama 260,000 kwa ujauzito na uzazi, na hiyo ni baada ya kiwango kupungua kwa asilimia 40 tangu 2000. Haikupungua yenyewe, kuna mtu alilipa. Spitali za wilaya mpya tunazo, nyingi zimejengwa kwa ule mkopo wa Uviko wa IMF ambao tutaulipa wenyewe, Abdalla Mzee ya Mkoani ilijengwa upya na Wachina ikafunguliwa 2016, majengo siyo tunayoyalilia saivi. Ninachokiogopa ni posho ya yule binti na bando ya simu yake, kwa sababu ni vitu vidogo na vitu vidogo ndo vinavyofutwa kwanza bila ya mtu kutangaza.

Kwa shoga zangu mnaokaribia: volantia akija msimjibu mkiwa jikoni, kaeni, na mume awepo. Kadi ya kliniki iwe kwenye koba pamoja na hela ya gari, kanga tatu au nne (moja ya kumfungia mtoto kifuani hata kama hakuzaliwa mdogo), nguo za mtoto, chupa ya chai, uji wa pilipili manga utakufata asubuhi. Chaji ya simu. Kichwa kikiuma na macho yakafanya ukungu msisubiri asubuhi na msifukizwe. Mkishazaa ulizeni wenyewe, "mkunga, damu yangu ni kiasi gani?", muulizeni tena baada ya nusu saa, hatokasirika, na akikasirika mwambieni mmetumwa na mie. Na mkiona kile kitambaa cha mistari kituo chochote cha Unguja au Pemba nipigieni picha nikione, nitakuja kubadilisha nyota.